Daftari la Baba: Siku za Kurudi Ujiji

Alhamisi, Dar es Salaam hadi Dodoma

Baba alifariki alfajiri na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa kwetu maiti hacheleweshwi, wakati mimi nikiwa nimelazwa Dar es Salaam na mshono mbichi tumboni na daktari ambaye hakutaka hata kusikia habari ya safari. Msiba huo niliuhudhuria kwa simu. Nilisikia sauti za watu wakiondoka na jeneza, nikatuma mchango wangu, nikapokea pole za majirani wa wodini, na kila aliyenijia aliniambia nisiyazuie machozi, ilhali sikuwa nayo ya kuzuia. Tangu hapo nimekuwa nikiutaja msiba ule kama mtu anayetaja habari ya jirani.

Sasa nimeruhusiwa kusafiri, na arobaini inasomwa Jumapili. Ningeweza kupanda ndege, ambayo ingenifikisha Kigoma kabla ya chai kupoa, lakini nimechagua reli. Kwa watu nimesema ni kwa sababu ya gharama. Ukweli ni kwamba sikutaka kufika upesi.

Baba mdogo amenipangia kazi. Siku ya maziko imamu alitangaza, kama inavyotangazwa kwa kila maiti, kwamba mwenye kumdai marehemu au kudaiwa naye ajitokeze kwa ndugu zake, kwa kuwa deni hulipwa kabla warithi hawajagusa hata kijiko. Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi, na hawezi kuzunguka mialoni, kwenye fukwe wanakotua wavuvi, akiulizia madeni. Mdogo wangu wa kiume yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye biashara zake. Mama ndiye aliyesema kazi hiyo ni yangu, kwa sababu mwandiko wa baba hausomwi na mtu mwingine. Mimi nilijifunzia kusoma katika daftari lake nikiwa bado sijaanza shule.

Treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetufikisha kwa muda usiotimia saa nne, na sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba ni safi na haitoi nafasi ya kufikiri. Stesheni yake iko nje ya mji. Nimechukua teksi hadi stesheni ya zamani katikati ya Dodoma, nikakaa juu ya begi langu kusubiri treni ya Kigoma, ile inayopita kwenye njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha ziwani mwaka 1914.

Ijumaa, njiani

Nimelala daraja la pili kulala, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu na watoto wawili. Saranda tulifika usiku, na kama miaka yote wauza kuku walikuwa wamejipanga chini ya madirisha na tochi mikononi, wakiinua mabakuli juu ya vichwa vyao. Nilinunua paja moja, nikagundua kwamba nalila kwa namna baba alivyonifundisha, kuanzia kwenye mfupa, ili treni ikiondoka ghafla mtu asibaki na kipande kikubwa mkononi.

Asubuhi tumekaa Tabora kwa muda mrefu huku mabehewa yakikatwa na kuungwa upya, maana hapa ndipo njia ya Mwanza inapoachana na yetu. Wauza asali wamekuja na chupa zao. Mama mmoja wa makamo anayeshukia Urambo, ambaye tangu Dodoma alikuwa hajanisemesha zaidi ya salamu, aliniuliza bila kuzunguka: "Umefiwa na nani?" Nilimwuliza amejuaje. Akasema kwamba mtu anayekwenda harusini hulinda mizigo yake, lakini mimi tangu jana mabegi yangu yanalindwa na yeye. Nilipomwambia ni baba, hakuniambia nilie wala nisilie; alimrehemu, kisha akaniuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Basi kutoka Tabora hadi Urambo nikamweleza. Baba alikuwa fundi wa karabai, zile taa za mafuta ya taa zinazopigwa pampu. Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku wa giza: mitumbwi huingia ziwani na taa, vidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vidudu, na migebuka huwafuata dagaa, mpaka wavu ulioshushwa chini uinuliwe na wote waliomo. Taa isipowaka, hakuna kinachofuatana. Kwa hiyo fundi aliyejua kuzibua tundu la karabai kwa sindano, kubadilisha utambi bila kuupasua na kurudisha pampu iliyochoka, alikuwa mtu wa kuheshimiwa mwaloni, japo hakuwahi kushika kasia. Alipokuwa kijana alisafiri kwa reli hii hii hadi Dar es Salaam kununua vipuri, akarudi amelalia sanduku lake ili lisiibwe. Taa za betri zilipoingia, wenzake wengi walifunga kazi. Yeye, akiwa ameshapita umri wa miaka hamsini, aliketi chini ya kijana wa miaka ishirini akajifunza kupima betri na kuunga nyaya za paneli za sola.

Yule mama alisikiliza yote. Aliposhuka Urambo nilishangaa kuona kwamba nilikuwa nimezungumza kwa saa kadhaa juu ya baba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya na mtu yeyote tangu afariki.

Mchana umekuwa wa miombo na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa mitini, kisha mabonde ya Malagarasi, kisha Uvinza, ambako chumvi imekuwa ikipikwa kutoka kwenye chemchemi zake tangu kabla ya wakoloni. Mfuko mmoja nimenunua kwa ajili ya mama, maana yeye huamini kwamba chumvi nyingine zote ni vumbi.

Tumeingia Kigoma usiku. Reli inaishia hapo, hatua chache kutoka bandarini. Baba mdogo alikuwa amesimama chini ya taa ya stesheni na kofia yake ya kufuma, na kwa mbali, kwa kimo na kwa namna ya kuweka mikono nyuma, alikuwa baba mtupu. Nilimwamkia nikiwa sijashuka ngazi.

Jumamosi, Ujiji

Kutoka Kigoma hadi Ujiji ni mwendo mfupi kwa bajaji kupitia mtaa wa Mwanga, na usiku sikuona kitu. Mama alikuwa macho. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha kwenye mkeka, na kabla hajatamka jina la baba akaniambia nifungue kanga aone mshono. Aliusogezea taa, akaupitia kwa kidole bila kuugusa, akauliza kila nyuzi ilitolewa lini. Aliporidhika akasema: "Haya. Sasa tuzungumze habari ya baba yako." Lakini hatukuzungumza. Tulilala kwenye mkeka ule ule.

Asubuhi watu wamekuja kunipa pole, na mimi nimejibu tumeshapoa, kama inavyojibiwa. Hapa ni lazima niseme kwamba Ujiji haina haraka na mgeni wake. Wageni wa mbali huja kutazama mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe, na kuna kumbukumbu iliyojengwa pale pamoja na miembe inayosemekana kuwa ni uzao wa ule wa kale. Wanashangaa kuona ziwa liko mbali, kwa sababu enzi zile maji yalikuwa karibu zaidi. Sisi tuliokulia hapa tulikuwa tukikimbilia kivuli cha miembe ile tukitoka chuo cha Kurani, na mzungu alikuwa ni jambo la mwisho vichwani mwetu. Leo nimepita hapo nikielekea dukani, na mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi ameniita kwa jina la baba, akiongeza tu "binti wa".

Mchana baba mdogo amenifungulia daftari. Ni la jalada gumu, limefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kurasa za kushoto zimeandikwa NINADAI na za kulia NINADAIWA, na mwandiko ni ule ule wa herufi kubwa zilizolala upande, kana kwamba zinasukumwa na upepo wa ziwa. Kushoto kuna majina mengi ya wavuvi. Kulia yako machache: muuza betri wa Mwanga, fundi seremala, mwenye chumba cha karakana. Kisha, kuanzia mwaka 2019, likaanza kujitokeza jina langu.

Nilidhani ni kumbukumbu tu. Nilikuwa nikimtumia baba fedha kila nilipopata, kama mtoto yeyote anavyomtumia mzazi wake, na hatukuwahi kulitaja neno mkopo. Yeye alikuwa ameandika kila kiasi, na tarehe, upande wa NINADAIWA. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuona. Alisema kwa upole kwamba kwa sheria mimi ndiye mdai mkubwa kuliko wote, na kwamba nikitaka nisidai itanibidi nisamehe kwa kauli mbele ya mashahidi, isije ikabaki shingoni mwake.

Nikarudi kwenye kurasa za mwaka 2024. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na mwaloni hapakuwa na taa ya kutengeneza wala mtu wa kulipa. Nakumbuka nilimpigia baba kumwuliza kama wanakula. Akasema wanakula vizuri. Mwanzoni mwa Juni nilimtumia shilingi 60,000, na kulia zimeandikwa hivyo. Kushoto, siku iliyofuata, kuna majina matatu ya wavuvi, kila mmoja shilingi 15,000. Julai ni vivyo hivyo, na majina mengine matatu. Nilijumlisha, nikaona kwamba kila mara alikuwa amekopesha 45,000 na kubakiza 15,000 za nyumbani, nikajiambia kwamba angalau kitu kidogo kilifika jikoni.

Jumapili, arobaini

Hitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, imesomwa baada ya adhuhuri. Wanaume walikuwa uani chini ya turubai na sisi ndani pamoja na mama. Shangazi zangu wawili waliongoza jikoni kwa amri ambazo hazikuwa na mjadala, na pilau ikatosha, jambo ambalo katika ukoo wetu hukumbukwa kuliko hotuba. Kabla ya dua ya mwisho baba mdogo alikuja mlangoni na wazee wawili, nikasema kwa sauti kwamba yote aliyoniandikia baba nimemsamehe duniani na akhera. Maneno yalitoka vizuri, kwa ufasaha, kama ya mtu anayesaini hati. Mama alinitazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu.

Jumatatu, Kibirizi

Mwezi ni mpevu, na kwa bahati yangu hiyo ina maana kwamba wavuvi wote wako nchi kavu, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki na hakuna anayepoteza mafuta ya injini kuingia ziwani. Huu ndio uliokuwa msimu wa baba. Katika siku hizi chache za kila mwezi ndipo taa zililetwa kutengenezwa, na ndipo alipotembeza daftari.

Tumekwenda mwalo wa Kibirizi na baba mdogo. Karakana haipo tena pale nilipoiacha. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yaliifikia, na baba akaihamishia juu, kando ya njia. Ndani kuna kijana aliyekuwa mwanafunzi wake, na meza ile ile. Kwenye pembe ya meza kuna kopo la maziwa lenye sindano za karabai, nyembamba kama nywele, kadhaa zikiwa zimeshapata kutu, ingawa kijana ameniambia kwamba karabai ya mwisho kuletwa hapo hakumbuki ni lini. Nilimwuliza mbona hazijatupwa. Akajibu kwamba mzee alikuwa akisema betri zitakuja kuchoka.

Wavuvi walikuwa wamekaa kwenye mitumbwi iliyovutwa mchangani, wakishona nyavu. Baba mdogo alitoa salamu na kueleza tulilojia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukanushwa. Nilisoma jina la kwanza la Juni, na mtu mnene mwenye fulana ya kijani akanyanyua mkono. Nikamwambia daftari linasema shilingi 15,000. Akatikisa kichwa.

"Hapana, dada. Mzee alinipa elfu ishirini. Niliihesabu mbele yake."

Nilimwonyesha maandishi. Hakuyatazama, alikuwa tayari akitafuta fedha mfukoni, na zilizopatikana zilikuwa elfu kumi na mbili, akasema nyingine atazitoa giza likirudi. Wa pili alisema ishirini. Wa tatu hakuwepo, lakini mkewe, aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye vichanja, aliitikia kutoka kule kule bila kuulizwa: "Ishirini, mama. Nilinunulia unga."

Ishirini mara tatu ni sitini. Nilisimama na lile daftari mkononi nikirudia hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili angeimaliza kwa vidole, na kila niliporudia ilitoka sitini. Hakuna kilichokuwa kimebaki jikoni. Fedha niliyoituma nikiwa Dar es Salaam, nikidhani naitunza nyumba ya wazazi wangu, ilikuwa imelala usiku mmoja chini ya mto wa baba na asubuhi ikaja hapa, ikagawanywa kwa watu hawa, yeye akaandika kwamba anadaiwa yote na anadai pungufu.

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu wazima, na baba mdogo akageuka kutazama ziwa ili kunipa faragha. Mke wa yule mvuvi alinisogezea ndoo iliyopinduliwa nikae, akanipangusia kamasi kwa upindo wa kanga yake iliyonuka dagaa, kisha akarudi kwenye vichanja vyake kwa sababu jua lilikuwa kali na dagaa hawasubiri. Hakuna aliyeninyamazisha. Mtu wa fulana ya kijani aliendelea kushona wavu, na baada ya muda akaanza kusimulia, bila kumlenga mtu, jinsi mzee alivyowahi kupanda mtumbwi usiku mmoja kutengeneza taa katikati ya maji, akatapika njia nzima, akatoza nauli ya kurudi. Wakacheka. Nami nikajikuta nacheka huku nikilia, na sikuona aibu.

Tuliendelea na majina hadi alasiri. Karibu kila aliyekopeshwa katika miezi ile mitatu alitaja kiasi kikubwa kuliko kilichoandikwa. Mmoja tu alidai ameshalipa, na baba mdogo akasema tumwamini, kwa kuwa hatuna ushahidi kinyume chake. Mimi kwa upande wangu sikumwamini, lakini nilikata jina lake.

Jioni nilimweleza mama. Nilitarajia naye atalia. Aliendelea kuchambua mchele, akasema: "Nilijua. Ndiyo maana jiko lile halijapauliwa mpaka leo." Kisha akaweka ungo chini, akaniuliza kama wale wa Kibirizi wamemtaja vizuri. Nikamsimulia habari ya kutapika mtumbwini. Alikuwa hajawahi kuisikia, na alicheka mpaka akashika ubavu, akaniambia niisimulie tena tangu mwanzo, nisiruke kitu. Tulikesha hivyo. Yeye akanipa za kwake, za siku baba alipomposa akiwa na mafuta ya taa kwenye kanzu kwa sababu alipitia kazini, na mimi nikampa za reli, na kwa mara ya kwanza tangu nifike tulikuwa tunazungumza juu ya mtu na si juu ya maiti.

Jumanne, Ujiji

Asubuhi kumekuwa na kikao cha familia, na mdogo wangu akashiriki kwa simu kutoka Kalemie, mtandao ukikatika kila alipotaka kupinga. Ubishi ulikuwa mmoja: tudai kilichoandikwa au kilichokiriwa? Baba mdogo alishikilia kwamba maandishi ya marehemu ndiyo kauli yake, na kuzidisha ni kumkosoa. Mama alisema marehemu alikuwa na haki ya kupunguza cha kwake akiwa hai, ila sasa mali ina wenyewe, na yeye thumuni yake, fungu la mjane, hataki ipunguzwe na huruma ya watu wengine. Nilimwona jinsi alivyokaa alipolisema hilo, mgongo umenyooka, na nikafurahi kwamba eda haijamwondolea ukali.

Mwisho tumekubaliana kwamba anayeweza alipe alichokiri, asiyeweza alipe kilichoandikwa, na wajane wa wavuvi wasifuatwe kabisa. Warithi wote wameridhia, na imeandikwa hivyo kwenye muhtasari ambao, pamoja na cheti cha kifo, utapelekwa Mahakama ya Mwanzo ili baba mdogo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Karakana atakodishwa yule kijana. Kodi italetwa kwa mama, na mama ameshamtumia salamu kwamba yeye si mume wake, daftari lake litaandikwa kiasi kamili.

Yamebaki majina ya mwalo wa Katonga, ambayo ni mengi kuliko ya Kibirizi. Mwezi utaanza kupungua, na wavuvi watarudi ziwani usiku na kulala mchana, kwa hiyo inabidi niwahi. Nimepiga simu kazini kuomba wiki mbili zaidi, nimepewa moja. Mama anasema niombe tena kesho asubuhi, mkubwa wa kazi akiwa hajanywa chai, kwa kuwa baba alikuwa akiwapata wadaiwa wake wagumu saa hiyo hiyo.